Umelala, Karani?

Mashine ya taipu ya Shariff ilikuwa na herufi moja iliyokufa, herufi ya R, kwa hiyo kila barua aliyowaandikia watu barazani pale Bondeni, mtaa wa Nakuru, ilibidi airudie kwa kalamu ya wino, ajaze R moja moja mahali pake. Nicodemus Wasike alimpenda kwa sababu hiyo. Mtu mwenye subira ya namna hiyo hawezi kukusomea barua ya serikali mbiombio kisha akakuambia nenda zako.

Siku moja ya mwezi wa pili, mwaka wa 1955, Shariff alimsomea barua yake mara mbili. Akavua miwani.

"Bwana Wasike, wamekunyima tena yale malipo ya vita. Lakini mara hii wametoa sababu."

"Sababu gani?"

"Wanasema wewe mwenyewe ulikana. Ulipoulizwa mbele ya daktari kama una fits, ulisema huna."

Wasike akatikisa kichwa kukubali. "Hiyo ni kweli kabisa. Karani aliniuliza, wewe iko na fits? Nikamwambia hapana, bwana, mimi si fiti hata kidogo. Niliacha kuwa fiti tangu Burma. Mtu aliye fiti anaweza kuanguka kwa moto?"

Shariff akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwona mwenzake hacheki, naye kicheko kikamkauka.

"Ndugu yangu," alisema polepole, "fiti ya jeshi ni moja, na hii ya kwenye barua ni nyingine. Kwa Kiingereza cha daktari, fits ni kifafa. Ni huko kuanguka kwako. Wamekuuliza kama unaanguka, ukajibu hapana."

Kila mtu aliyepita Keya, jeshi la askari Waafrika wa mfalme, alilijua neno fiti kabla hajajua kushika bunduki. Kila asubuhi daktari alipita mbele ya mstari akisema fiti, fiti, fiti, na aliyekosa neno hilo alitoka akaenda hospitali. Fiti maana yake mzima. Hakuna askari hata mmoja, kutoka Nakuru mpaka Kisumu, ambaye angelisikia vingine. Na aliyemuuliza swali lile alikuwa amepita Keya pia.

"Makokha alijua," alisema Wasike.

"Karani wa ofisi ya askari wa zamani?"

"Huyo huyo. Anajua Kiingereza, anajua Kiswahili, anajua Kibukusu cha mama yangu. Angeweza kusema kifafa. Angeweza kusema kuanguka. Kwa nini alichukua neno la Kizungu na kuniwekea mdomoni?"

Shariff aliikunja barua akamrudishia, na safari hii hakumwomba hata senti ya kusomewa.

Lazima ieleweke Wasike alikuwa anatafuta nini. Malipo ya ulemavu yangemfaa, nani angeyakataa? Lakini alichokitaka, alichokiota, kilikuwa karatasi: karatasi yenye mhuri wa serikali inayosema kwamba kifafa chake kilitoka vitani. Binti yake Nanyama alikuwa ameposwa na kijana mwema wa Kitale, mambo yakaenda vizuri, mpaka siku wazee wa upande wa pili walipokuja Nakuru na Wasike akaanguka mbele yao, chai mkononi. Waliondoka bila kumaliza kula. Ujumbe ukarudi kwamba ukoo wao hauoi kwenye damu ya kuanguka. Mjomba wa kijana peke yake ndiye aliyeacha mlango wazi kidogo. Alisema, kama kweli ni chuma cha vita, si damu, basi serikali iliyompeleka huko iseme hivyo kwa maandishi.

Chuma chenyewe kilikuwepo, juu ya sikio la kushoto. Mwaka wa 1944, karibu na mto Chindwin huko Burma, lori lililobeba askari tisa lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Koplo Wasike alichimbuliwa topeni akiwa hai. Madaktari walitoa nusu ya kipande, nusu wakaiacha, wakisema kuigusa ni kumuua. Miezi minne baadaye akaanguka kwa mara ya kwanza, na hajaacha tangu hapo. Kiwanda cha mbao kilimfukuza baada ya kuanguka hatua mbili tu kutoka kwenye msumeno. Majirani walimtengea kikombe. Mtu akikuwekea kikombe chako peke yako, chenye alama ya rangi nyekundu chini ili kisichanganyike, huhitaji akwambie anakuonaje.

Ni watatu tu waliotoka kwenye lori lile wakipumua. Mmoja alikuwa dereva, naye alikufa wiki hiyo hiyo. Wa pili alikuwa Wasike. Wa tatu alikuwa kijana mwembamba wa ofisini aliyeomba lifti siku hiyo, akakaa karibu na mlango wa nyuma na sanduku la mafaili magotini. Alitoka bila jeraha, damu kidogo tu masikioni. Jina lake Makokha.

Hilo ndilo lililomchoma Wasike. Angekuwa karani mgeni, angesema ni ujinga. Lakini huyu alikuwepo.

Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, Wasike alivaa kabuti lake la jeshi, akaficha rungu ndani yake, akaenda kwenye nyumba za makarani. Siku hizo za hali ya hatari askari wa doria walisimamisha kila mtu kuuliza pasi. Yeye alisimamishwa mara mbili, wakaona kabuti na medali, wakamwachia. Hakuwa ameamua kumuua Makokha. Alikuwa ameamua kumvunja mkono wa kuandikia.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Alipobisha hodi, alitoka mke wa Makokha, mama mmoja Mkipsigis aitwaye Chelagat, akasimama katikati ya mlango kama anauziba. Mkononi alikuwa na kijiko kilichofungwa kitambaa.

"Bwana amelala," alisema.

Nyuma yake, kwenye sakafu ya mbao, kitu kilikuwa kinagonga. Kilikuwa kisigino cha mtu, kinagonga haraka haraka bila mpango. Wasike hakuwahi kusikia sauti ile maishani mwake, kwa sababu kila mara ilipopigwa yeye ndiye aliyekuwa akiipiga. Lakini kijiko kile alikijua. Eucabeth, mkewe, alikuwa na kama hicho, kimening'inizwa ukutani karibu na kitanda, cha kumwekea kati ya meno akianguka.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Nini tangu lini?"

"Mama, mimi na wewe tusidanganyane. Tangu lini?"

Chelagat akatazama kijiko mkononi mwake, akaona hakuna cha kuficha. "Tangu arudi vita. Si mara nyingi, mzee. Akilala vizuri anaweza kukaa miezi mitatu. Ofisini hawajui. Wakijua hawatamweka hata siku moja, na hii nyumba ni ya ofisi."

Basi yote yakawa wazi, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Kila mara Wasike alipotoa maelezo yake alilitaja lile lori na waliokuwemo. Daktari akishaamini kwamba lori lile lilimpa mtu kifafa, swali lake la pili lingekuwa: huyu Makokha aliyetajwa hapa ni yupi, naye yukoje? Ndiyo sababu karani alichagua neno. Ili ajifiche yeye, alimzika mwenzake, na Nanyama juu yake.

Huruma ilibisha hodi kidogo kwa Wasike pale mlangoni, naye hakuifungulia. Aliondoka na rungu lake ndani ya kabuti, na akiwa njiani akajikuta anapiga mluzi. Mkono uliovunjika hupona, aliwaza. Mimi nataka kitu kisichopona.

Shariff aliandika barua ya kukata rufani, yenye R nyingi za wino. Wiki nne baadaye jibu likaja: jopo la madaktari litakaa katika kambi ya Lanet, Jumatano ya mwisho ya mwezi wa nne, na mkalimani atakuwa karani wa ofisi, Bwana Makokha. Wasike alimwomba Shariff asome hapo mara ya pili.

Sasa sikiliza alichokifanya, maana watu wengi hufikiri kisasi ni lazima kiwe na panga. Eucabeth alikuwa amegundua zamani kwamba mumewe akikosa usingizi, siku mbili tatu hazipiti kabla hajaanguka. Kwa sababu hiyo alimkatalia kazi ya ulinzi wa usiku, hata siku za njaa. Wasike alijua basi ni nini kinachomlinda Makokha: ni usingizi wake. Na kwetu huku, kumwuliza mtu asubuhi kama amelala vizuri ni adabu tu. Hakuna polisi wa kukushika kwa hilo.

Wiki moja kabla ya jopo, saa mbili kasorobo asubuhi, alisimama kwenye lango la ofisi akiwa na kabuti na medali zake. Makokha alipofika na baiskeli, Wasike akapiga saluti.

"Umelala, karani?"

Makokha akashtuka. "Nimelala."

"Nilikuja kwako ile Jumapili. Mama alisema umelala. Nikasikia vile unalala."

Baiskeli ilimponyoka Makokha ikaanguka chini.

Kesho yake Wasike alikuwepo tena. Saluti. "Umelala, karani?" Makarani wengine walipita wakitabasamu, wakisema mzee huyu wa Keya ana heshima kweli. Siku ya tatu Makokha alipita lango la nyuma, akamkuta Wasike hapo. Siku ya nne macho ya karani yalikuwa mekundu. Siku ya tano alimshika Wasike kwenye ukosi wa kabuti.

"Unataka nini kwangu?"

"Nakuamkia tu, bwana. Kuamkia mtu imekuwa kosa?"

"Sema unataka nini!"

"Nataka kujua kama umelala."

Hakuwa akitania, na Makokha aliliona hilo usoni mwake. Mkono uliokuwa kwenye ukosi ulilegea wenyewe.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Chelagat alikuja mpaka nyumbani kwa Wasike. Eucabeth akampa kiti na chai, lakini mgeni hakuketi.

"Mzee, nimekuja mimi kwa sababu yeye anaona aibu," alisema. "Alikukosea. Amekubali alikukosea. Ameapa mbele yangu, ameshika Biblia, atatafsiri sawa, neno kwa neno. Karatasi utapata. Lakini tafadhali, hayo maneno ya asubuhi uyaache. Sasa ni siku tano, anakaa kitandani macho wazi, anasema kesho atakuwa hapo tena, ataniuliza. Wewe unajua vile hiyo inaleta. Wewe kuliko mtu yeyote."

"Najua," alisema Wasike.

"Basi?"

"Asante kwa kuja, mama. Nenda salama."

Chelagat alipotoka, Eucabeth alifunga mlango akauegemea. Ndoa yao ilikuwa ya miaka kumi na tisa, na hakuwa mwanamke wa kupiga kelele.

"Baba Nanyama, mtu amekubali. Umepata."

"Sijapata."

"Wewe unataka karatasi, ama unamtaka yeye?"

Wasike alifikiri. Angeweza kudanganya, lakini hakuona sababu. "Nataka vyote viwili."

"Mimi ndiye ninayekuona ukianguka. Wewe hujawahi kujiona. Hujui unamtakia nini mwenzako."

"Kumi na moja," alisema Wasike. "Miaka kumi na moja, Mama Nanyama. Wakati mimi natengewa kikombe, yeye anakunywa chai na wakubwa. Wakati Nanyama analia hapo nyuma, yeye anaandika kwamba mimi ni mzima. Na ugonjwa ni huo huo mmoja! Angekuwa hajui, ningemsamehe."

Asubuhi iliyofuata, Jumanne, alikuwa langoni tena.

Jumatano walikaa katika chumba cha mabati huko Lanet, madirisha yakiangalia uwanja wa gwaride. Nyuma ya meza walikuwa Wazungu watatu: daktari mzee mwenye mvi, daktari wa pili aliyekuwa na mafua, na afisa kijana aliyekuwa na faili. Makokha alisimama pembeni ya meza akiwa na tai na koti lililopigwa pasi. Ngozi ilikuwa imemshuka chini ya macho.

Daktari mzee aliuliza swali. Makokha akamgeukia Wasike.

"Daktari anauliza: wewe unaanguka? Una kifafa?"

Kifafa. Neno lenyewe, wazi, bila kona. "Ndiyo," alisema Wasike.

"Tangu lini?"

"Tangu lori."

Makokha akaanza kuzungumza Kiingereza, kirefu, bila kusita, na Wasike akashika maneno hapa na pale: fits, Burma, lorry, yes. Akasikia hata jina la mto. Karani alikuwa anatimiza kiapo chake. Daktari mzee alikuja akapapasa kovu juu ya sikio, akabonyeza, akauliza mawili matatu, akarudi kuketi. Akaandika. Yule wa mafua akatia sahihi bila kusoma. Afisa kijana akagonga mhuri, akapulizia wino, akaisukuma karatasi mpaka ukingo wa meza.

"Kwisha," alisema kwa Kiswahili chake. "Imekubaliwa. Ni vita."

Wasike aliishika. Ilikuwa karatasi nyembamba, na mhuri ulikuwa bado na unyevu. Mjomba wa Kitale angeiona wiki hiyo hiyo. Kila alichokuja kutafuta kilikuwa mkononi mwake, na wangeweza wote kwenda nyumbani.

Ndipo akaona kidole gumba cha Makokha. Kilikuwa kinasugua kitufe cha koti, kinasugua, kinasugua, na taya zilikuwa zinatafuna ingawa mdomoni hamkuwa na kitu. Eucabeth alikuwa amemweleza mara mia jinsi inavyoanza: unatafuna, na hakuna chakula. Hakuna mtu mwingine chumbani aliyekuwa akimtazama karani. Wazungu walikuwa wanatafuta faili linalofuata.

Palikuwa na nafasi. Yeye mwenyewe alijua kwamba huwa ipo, dakika moja hivi, wakati pua inasikia harufu ya mpira unaoungua na miguu bado ni yako. Mlango ulikuwa hatua tatu. Ilitosha kusema, bwana, karani anaomba ruhusa kidogo, akamshika kiwiko, akamtoa nje nyuma ya matangi ya maji, na hakuna mtu angejua. Makokha alimtazama. Alikuwa bado anaona, na macho yake yalikuwa yanaomba.

"Bwana mkubwa," alisema Wasike, kwa sauti ya gwaride. "Tazama karani. Fits."

Wote watatu wakainua vichwa, na Makokha akaenda chini.

Tusimpake mafuta Wasike: alifurahi. Furaha ilimpanda kutoka tumboni ikamjaa kifuani, na kwa muda mfupi hakukumbuka hata karatasi. Anguka, aliwaza. Anguka mbele yao kama nilivyoanguka mbele ya wakwe zangu. Kichwa cha Makokha kiligonga mguu wa meza. Mgongo ulipinda, macho yakageuka meupe, na kutoka kooni ikatoka sauti ambayo si ya mtu wala ya mnyama. Yule afisa kijana alirudi nyuma mpaka ukutani. Povu likatoka, lenye damu ya ulimi. Kisha suruali ya kaki iliyopigwa pasi ikaloa mbele, ikaloa mpaka magotini.

Hapo furaha ilimtoka Wasike, ikatoka yote kwa mara moja. Hakujuta. Alichosikia kilikuwa hofu. Basi ni hivi, aliwaza. Hiki ndicho Eucabeth anachofuta na kitambaa, na hiki ndicho Nanyama alichokiona tangu akiwa mdogo. Alitaka kutazama pembeni, akashindwa.

Daktari mzee alikuwa amepiga magoti, amemlaza Makokha ubavu. Alisema jambo kwa ukali, na afisa kijana akarudi mezani akapekua faili la Wasike mpaka kwenye ukurasa wa lori. Akapitisha kidole kwenye majina.

"Huyu Makokha," alimwuliza Wasike. "Ni huyu? Alikuwa lori yako?"

"Ndiyo, bwana. Alikaa karibu na mlango wa nyuma."

"Na yeye alisema ofisini hana ugonjwa?"

"Hiyo mimi sijui, bwana. Mtaona kwa faili yake."

Afisa akavuta fomu mpya, akafungua kalamu. Daktari mzee alinyanyuka akaketi karibu naye, na wakaanza kusemezana kwa sauti ya chini.

Wasike alichuchumaa sakafuni kando ya Makokha, kwa sababu hakuna aliyemwambia atoke. Alivua kabuti, akamfunika kuanzia kiunoni kwenda chini. Baada ya muda pumzi ya Makokha ilitulia. Macho yakafunguka, yakazunguka darini, kwenye miguu ya meza, yakamfikia Wasike. Ilimchukua kitambo kumjua ni nani.

"Wasike."

"Naam."

Makokha alijaribu kuinua kichwa akashindwa. Mkono wake ulishuka chini ya kabuti, ukapapasa suruali, ukatulia.

"Nani ameona?"

"Wote."

"Na yule bwana afisa?"

Wasike aligeuka akatazama mezani. Kalamu ilikuwa imeshafika nusu ya ukurasa.

"Yeye ndiye anayeandika," alisema.